Mara Saba Walizomchungulia Sista Aneth

Mimi ni Mama Haika, niliyekuwa mtembeleaji wa wakopaji hapa Moshi. Ninyi vijana wa dawati la mikopo mmeambiwa nimeondoka kwa sababu ya miguu. Miguu yangu ni mizima. Tangu asubuhi nimekwenda sokoni na kurudi, nimekata majani ya ng'ombe, nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, na bado kukaa siwezi. Hapa naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji. Mkiona mwandiko umepinda, ndiyo sababu.

Jina la benki siliandiki. Kwenye karatasi niliyosaini siku ya kuondoka wamenikataza. Majina ya watu hawakunikataza. Nadhani walisahau.

Niliingia pale nikiwa mfagiaji, na elimu yangu ni darasa la saba, sijaongeza kitu. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne, nilimwaga chai yote ya birika juu ya faili la mkopaji mmoja wa Kibosho. Nikajua kazi imeisha. Kulikuwa na mzee mmoja pale anaitwa Mzee Ndetaramo, mtembeleaji, mtu wa koti moja na kofia moja. Alilichukua lile faili, akatandaza karatasi moja moja dirishani penye jua, akaweka mawe juu yake zisipeperuke. Zilipokauka akazirudisha kabatini, na mpaka leo sidhani kama yupo aliyejua, ila huyo mkopaji wa Kibosho alikuwa na faili la rangi ya majani ya chai.

Jioni akaniuliza, "We binti, kusoma unajua?"

"Najua, shikamoo."

"Marahaba. Kutembea je?"

"Nimezaliwa Old Moshi, mzee. Kule kuna kitu kingine cha kufanya?"

Akacheka. Baada ya miezi michache aliniombea kwa wakubwa, nikawa namfuata. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu akiomba mkopo, sisi tunakwenda kwake kuona kama yuko, anaishi vipi, na majirani wanamwonaje. Vifaa vyangu vilikuwa mwavuli, viatu vya raba, daftari la kurasa mia na peni mbili, maana huko juu mvua ikikukuta peni moja lazima igome. Leo mnapewa simu inayopiga picha na kuonyesha mahali ulipo. Ni nzuri. Mwavuli hamjapewa.

Mzee Ndetaramo alinifundisha kutoanza nyumbani kwa mkopaji. Anza kwenye kituo cha maziwa, uliza nani analeta kila siku na nani anaongeza maji. Nenda buchani. Jumapili kaa nje ya kanisa wakati wa mnada wa sadaka, zinapouzwa zile ndizi, mayai na kuku waliotolewa na washarika. Usimwangalie anayepandisha bei kwa sauti, mwangalie anayetoa hela palepale na kuubeba mkungu wake begani. Wale wa "nitaleta Jumapili ijayo" aliwaandika na alama ndogo ya msalaba. Nilimwuliza kwa nini msalaba. Akasema, "Si wako kanisani?"

Halafu lilikuwepo jambo moja ambalo hakuniruhusu kuliruka hata siku moja. Ukimaliza kuuliza huko nje, unaingia kwa mwenyewe, unakunywa chai yake, na unamwambia: nimeuliza habari zako kwa fulani na fulani, wamesema hivi na hivi, una la kujibu? Wengine walikasirika. Mama mmoja wa Uru alinifukuza na mwiko. Lakini hakuna mtu hata mmoja ambaye tulimwulizia na yeye asijue.

Mtambo ulikuja miaka yangu ya katikati pale. Mnaujua, ninyi ndio mliozaliwa nao. Unaingiza namba ya kitambulisho cha mtu, unaona mikopo yake yote, ya benki, ya vikundi, mpaka ile midogo ya kwenye simu. Siwadanganyi, ulisaidia. Tulikuwa na watu wanaokopa sehemu tano kwa shamba moja. Lakini pia nakumbuka mkulima wa mpunga wa Mabogini, mtu tuliyemjua na kumwamini, akakataliwa kwa sababu ya mkopo wa simu usiozidi bei ya kilo mbili za sukari, kwenye laini aliyokuwa ameshaipoteza. Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza, akaniuliza kama kioo cha kompyuta kimeshawahi kuona mpunga wake. Tulimaliza miezi miwili kumfutia hilo deni. Kwa hiyo mwambieni kila mtu anayeota kununua nyumba: ile pesa ndogo unayoibonyeza kwenye simu ukiwa dukani inaandikwa, na ukichelewa siku moja inaandikwa pia. Na si mkopo tu unaoandikwa. Hata anayekuchungulia anaandikwa, kila anapokuchungulia. Hilo wengi hawalijui. Sisi tulilijua, tukalichezea.

Mzee Ndetaramo alistaafu mwaka ule ule. Siku ya mwisho alisimama nyuma ya kiti cha afisa mikopo wetu, Godlisten, akatazama kioo muda mrefu. Akakinyooshea kidole, akaniuliza, "Huyu akishamtazama mtu, anakwenda kumwambia?"

Nikamwambia hapana.

Akavaa kofia yake akaondoka.

Sasa nafika kwenyewe, na hapa nimeshazunguka meza mara tatu.

Mnajua kwetu mtoto akileta mchumba, ukoo unatuma mtu kuuliza. Ni watu wa namna gani, kuna ugonjwa, kuna ugomvi, wanalima au wanakunywa. Ni desturi, na haina ubaya. Ubaya ni kwamba ukoo wa siku hizi umegundua kuna sisi wa benki. Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, Mama Wilbard alinishika mkono nje ya usharika.

"Mama Haika, si uko kule benki bado?"

"Nipo."

"Wilbard ameleta binti. Nesi, anaitwa Aneth. Mtu wa Rombo."

"Hongereni."

"Hongera ya nini? Tunawajua sisi Warombo?"

"Ni Wachagga kama ninyi, mama."

"Haya, we sema hivyo. Mdogo wake Wilbard alituletea mwanamke wa madeni, mpaka leo tunalipa sisi. Nasikia mna mtambo unamwona mtu mpaka tumboni."

Nikacheka. "Tumbo hauoni."

"Basi uone mfuko."

Akatoa simu. Alikuwa amepiga picha kitambulisho cha yule binti kutoka kwenye fomu za uchumba walizojaza usharikani. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Nilisema, "Nitumie." Jumatatu asubuhi mkungu wa ndizi mshare ulikuwa mlangoni kwangu hata kabla sijampa Godlisten ile namba.

Godlisten aliingia kwa nywila ya meneja, Elirehema, iliyoandikwa kwenye karatasi chini ya kalenda. Wote mliiona ile karatasi. Sheria inataka mwenye jina asaini kwanza. Hakusaini mtu. "Ni kupiga chabo tu, Mama Haika," akaniambia. "Nani anaumia?" Mtambo ukauliza sababu ya kumtafuta huyu mtu, ukatoa orodha ya kuchagua. Posa haikuwemo. Godlisten akabonyeza ya kwanza, ombi la mkopo.

Binti alikuwa msafi. Hajawahi kukopa popote. Mama Wilbard alifurahi akaniletea na maziwa. Ingeishia hapo nisingekuwa nimesimama hapa. Baba mkubwa wa Wilbard hakumwamini shemeji yake, akataka aone mwenyewe. Nikampeleka. Kisha Wilbard akaja, eti apate usingizi. Nikampeleka na yeye. Baada ya hapo wakaijua njia, wakawa wanakwenda kwa Godlisten moja kwa moja, na baba mkubwa akarudi mara ya pili kwa hoja kwamba huenda amekopa wiki hii. Namba ya yule binti ilikuwa inazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Miezi minne haikufika, alichunguliwa mara saba. Mara tatu ni mimi.

Ya saba ilikuwa ya shangazi yake Wilbard, mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na kusoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Yeye hakutaka kuambiwa, alitaka karatasi. Ilipotoka ilikuwa imebadilika. Juu iliandikwa kwamba mtu huyu ameomba mikopo mara nyingi kwa muda mfupi na hakuna uliotolewa, kwa hiyo ana hatari.

"Ee Yesu," akasema shangazi. "Anaomba, anakataliwa, anaomba, anakataliwa!"

Godlisten akajaribu. "Shangazi, hayo maulizo ni yetu. Ni ninyi mliokuja."

"Yetu vipi? Jina lililoandikwa hapa ni la nani?"

"Ni la kwake, lakini..."

"Basi. Mwenye jina ndiye mwenye shida."

Akaikunja ile karatasi akaenda nayo. Wiki iliyofuata uchumba ukavunjwa. Binti hakuambiwa sababu, aliambiwa familia imeomba kwa Mungu ikapata jibu lingine. Nilisikia kwenye kwaya nikasema "pole yao" kama mtu aliyesikia habari ya mvua ya Arusha.

Haukupita mwezi, faili likaanguka mezani kwangu la kwenda kutembelea. Ombi la mkopo wa nyumba, la kwanza maishani kwa mwombaji. Jina: Aneth. Nilifunga, nikafungua tena kama vile lingebadilika.

Nilikwenda. Alikuwa amepanga chumba kimoja mjini, kitanda, jiko, sare za unesi zimepigwa pasi zinaning'inia mlangoni. Nyumba aliyotaka iko Rau, vyumba viwili na sebule, ina hati. Ni ya Mzee Kanti, yule Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba yake alikuwa akiipangisha tangu zamani, na sasa wanawe wako Kanada hawaitaki. Mzee alikuwa amempa Aneth mpaka mwisho wa mwezi alete pesa.

Utaratibu ulitaka nione na kwao. Nikapanda mpaka Mkuu, kule Rombo. Baba alishafariki, na kihamba, yaani shamba la ukoo, pamoja na nyumba vikaenda kwa mdogo wao wa mwisho kama ilivyo kwetu. Mimi silaumu desturi. Namlaumu yule mdogo, anaitwa Deogratias, na mke wake ambaye nilimkuta anapaka kucha. Mama yao mzazi walikuwa wamemhamishia jikoni. Si chumba cha jikoni, jiko lenyewe, kitanda kati ya kuni na ukuta. Yule mama alinikaribisha kigoda kimoja alichokuwa nacho akabaki amesimama. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi ya moshi muda wote tuliozungumza.

"Aneth ameniambia nifunge vitu," akasema. "Nimefunga. Siyo vingi." Akanionyesha mfuko wa salfeti pembeni. "Eti mwisho wa mwezi. Ni kweli, mwanangu?"

"Tutaona, mama."

"Wewe ndiye unayeamua?"

"Hapana. Mimi naandika tu nilichokiona."

Niliandika kurasa nne. Sijawahi kuandika vizuri vile. Mshahara wake unapita, hana deni, anajua anachotaka. Nikadhani maneno yangu yatazidi ile karatasi ya mtambo. Makao makuu wakamwuliza meneja wetu: huyu mteja ametafutwa mara saba na tawi lenu, alikuwa anataka nini? Elirehema angeweza kujibu ukweli kwa mistari miwili. Alijibu, na nanukuu kwa kuwa mafaili niliyabeba mimi kwa mkono na nilisoma: "Mteja aliomba mikopo midogo mara kadhaa na hakukidhi vigezo." Akasaini. Ombi likakataliwa.

Aneth alikuja na barua. Alinifuata mimi, si Godlisten, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona mama yake.

"Dada, hapa wameandika nimeomba mikopo mara saba."

"Nimeona."

"Mimi sijawahi kukopa hata kwenye kikundi. Nilijizuia miaka sita kwa ajili ya hii nyumba. Wenzangu wanakopa pikipiki, wanakopa friji, mimi naambiwa bahili. Nani aliyeomba kwa jina langu?"

Watu walikuwa kwenye foleni. Nikamwambia, "Ni mtambo tu, sista. Unakosea wakati mwingine."

Alinishukuru. Alinishukuru, mnasikia? Akauliza aandike kwa nani, nikampa anwani ya makao makuu. Alipotoka nilikwenda kufagia stoo. Miaka ishirini na kitu nilikuwa sijashika ufagio pale ofisini.

Kuanzia siku hiyo sikutulia. Nilishuka kwenye gari kabla ya kituo changu nikawa natembea. Nilianza kula nimesimama. Siku ya tatu nikamvaa Godlisten.

"Ziondoe zile saba."

"Haziondoki kwa kubonyeza, Mama Haika. Lazima ofisi iandike kwamba ilikosea."

"Iandike basi."

"Nani aandike? Ukisema, unaondoka wewe, naondoka mimi. Mimi nina watoto wadogo. Wewe una nini, ng'ombe?"

"Nina ng'ombe, ndiyo."

"Basi kakamue."

Nikaenda kwa Elirehema. Huyo hakunitukana, alinipa kiti na soda. "Umebakiza muda mfupi ustaafu, mama yangu," akasema. "Ondoka vizuri. Tutakufanyia sherehe. Huyo binti ni kijana, ataomba tena mwakani, haya mambo yanafifia yenyewe kwenye mtambo."

"Mama yake analala jikoni."

"Wangapi wanalala jikoni, Mama Haika? Tutawanunulia wote nyumba?"

Ile soda sikuimaliza. Nilitoka nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Kanti, kati ya mapipa ya rangi na mabomba. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi kwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka misumari?"

"Nataka muda. Ile nyumba ya Rau, mwongezee yule nesi mwezi mmoja."

"Kwa nini? Benki imemkataa, ameniambia mwenyewe jana. Kuna mtu wa Himo anataka, pesa mkononi."

Sikuwa nimejipanga kusema. Lakini nilisema yote, pale kaunta, kijana wake wa mauzo amesimama anahesabu komeo. Posa, ndizi, mara saba, jibu la Elirehema. Mzee Kanti alinisikiliza amekunja mikono. Mwishoni akauliza, "Yeye anajua?"

"Bado."

"Aa. Umekuja kwangu kwanza." Akamtuma kijana wake nyuma. "Mimi kwetu pia tunaulizia, mama. Binti yangu alipoolewa tuliulizia mpaka Mombasa. Lakini hatukumharibia mtu nyumba. Mwezi mmoja nitangoja. Mtu wa Himo atanitukana, sawa. Lakini nenda ukamwambie yule binti leo kwa mdomo wako. Usimtumie ujumbe kwenye simu."

Nilimkuta Aneth anatoka zamu, saa nane mchana. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Yeye alikaa, mimi nilijaribu. Nikamwambia. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anavua saa yake na kuivaa, anavua na kuivaa.

"Kwa hiyo hata Wilbard," akasema.

"Hata Wilbard alikuja mwenyewe. Nilimpeleka mimi."

"Aliniambia ni maombi. Eti wamefunga na kuomba siku tatu." Akaifunga saa mkononi. "Na wewe walikupa nini?"

"Mkungu wa ndizi."

"Ndizi gani?"

"Mshare."

"Mkubwa?"

"Wa kawaida. Na maziwa, baadaye."

Akacheka, ila si kicheko cha kufurahi, kile cha manesi wakiambiwa jambo ambalo hata kwenye vitabu vyao halimo. "Umekuja nyumbani kwetu," akasema. "Umekaa kwenye kigoda cha mama. Ulishajua wakati ule?"

"Nilijua."

"Mama alikusifia wiki nzima."

Nikamwambia nitaandika barua makao makuu, nitaweka majina yote na langu la kwanza, na nakala nitampa yeye. Akasema, "Andika." Kisha akanyanyuka, na akiwa amesimama akasema jambo ambalo ninawaandikia jinsi alivyolisema: "Na nikiomba tena, sitaki uje wewe kunitembelea. Watume mtu mwingine. Yeyote."

Barua niliiandika kwa mkono, karatasi tatu. Godlisten, aliyebonyeza. Elirehema, aliyeacha nywila chini ya kalenda na aliyeandika uongo akausaini. Mimi, Mama Haika, niliyeleta namba mara tatu na kupokea ndizi. Sikuwaandika Mama Wilbard na shangazi, wale hawakuwa waajiriwa, nawaandika hapa. Niliipeleka bahasha kwa basi la asubuhi nikasubiri mpaka dereva akaondoa gari, maana nilijijua ningerudi kuiomba.

Walikuja wanawake wawili kutoka Dar, wapole, na kompyuta zao ndogo. Walikaa siku nne. Maulizo yote saba yakafutwa na barua ya benki ikatoka kwamba kosa ni la ofisi. Ilichukua wiki tano. Mzee Kanti alingoja wiki moja zaidi ya aliyoahidi, na mtu wa Himo kweli alimtukana. Aneth aliomba upya, akatembelewa na kijana mmoja wenu mwenye simu nzuri, akapata.

Elirehema walimhamishia Arusha, tawi kubwa zaidi. Godlisten alipewa barua ya onyo, na nasikia ndiye anayewafundisha ninyi matumizi sahihi ya mtambo. Msikilizeni, anaujua sana. Mimi nilipewa kalamu nisaini kwamba nimeomba kuondoka kwa hiari. Sherehe haikuwepo. Sikuitaka, ila ningependa kuikataa mwenyewe.

Sasa mnajua. Mkiombwa mchungulie mtu, hata kama anayeomba ni mama yenu mzazi, msiseme ni kupiga chabo tu. Kule upande wa pili kuna mtu amejinyima friji miaka sita.

Nilikuwa nimeapa sitakwenda ile nyumba. Lakini mwili ukikosa pa kwenda unakwenda wenyewe, na wiki iliyopita nilijikuta Rau, barabara ile ile. Mama yake Aneth alikuwa uani anapanda maua kwenye makopo. Macho yake yamepona, nilishangaa jinsi alivyo kijana. Alinitambua kabla sijajificha.

"Mwanangu! Umekuja kutukagua tena?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Nimestaafu."

"Marahaba, karibu, karibu ndani! Aneth! Njoo uone nani amekuja!"

Nilijua hajaambiwa. Aneth akatokea mlangoni na kanga begani, bila sare. Tuliangaliana. Mama yake alikuwa ameshashika mkono wangu, ananivuta.

"Mama, muache," akasema Aneth. Akaingia ndani. Nikageuka niondoke, nikasikia anarudi, anaburuta kitu. Kilikuwa kiti cha plastiki. Akakiweka kibarazani, nje ya mlango, akakipangusa kwa upande wa kanga.

"Kaa hapo," akasema. "Nakuletea chai."

Mlango akaurudishia nyuma yake. Nikakaa. Chai ilikuwa ya moto na ina tangawizi, na yule mama alikuwa ananieleza jinsi maji yanavyotoka bombani muda wowote anaotaka. Nilikaa pale mpaka kikombe kikaisha, na mguu haukutikisika. Nyumba ni nzuri. Nimeiona kwa nje.